SANAMU NA KINYAGO: MAJINA YA MIFANO MITAKATIFU, KUTOKA MASASI HADI CHUO KIKUU

Mji wa Masasi umejengwa kati ya vilima vya mawe, mahali ambapo barabara itokayo pwani hugawanyika, moja ikielekea Tunduru na nyingine ikipanda Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Lisekese ni sehemu mojawapo ya mji huo. Mzazi wa Lisekese atakaye mwanawe asome katika chuo kikuu cha Kikatoliki kilicho karibu humpeleka Mtwara, mwendo wa kilomita kama 200, kwenye Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilichofunguliwa mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Jina lenyewe la chuo hicho ni sifa ya Bikira Maria, na maana yake kwa Kilatini ni Nyota ya Bahari.

Katika viwanja vya vyuo vya namna hii, popote vilipo duniani, ni desturi kuweka mfano wa Bikira Maria, au wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, au wa mtakatifu ambaye chuo kimepewa jina lake. Pengine mfano huo husimama ndani ya pango dogo la mawe, ambalo Wakatoliki huliita groto, kwa kulifuata pango la Lourdes katika Ufaransa. Wanafunzi wapitao mbele yake si wa dini moja. Wako Wakatoliki, wako Waanglikana na Walutheri, wako Wapentekoste, na wako Waislamu. Wote hawa, wakitaka kukitaja kitu kile kwa Kiswahili, hutumia neno moja tu, yaani sanamu. Lakini kwa mmoja neno hilo ni jina la heshima, na kwa mwingine ni mashtaka. Anayesema “pale pana sanamu ya Mama” na anayesema “wale wana sanamu yao” wametumia nomino ile ile, na huenda wakaachana kwa uchungu pasipo yeyote kutambua kwamba sehemu ya ugomvi wao imo ndani ya neno lenyewe.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, kamusi hazina budi kueleza neno hili, na namna zinavyolieleza yaweza kulielekeza upande mmoja. Pili, Kiswahili kimekwisha kupata njia zake chenyewe za kutenganisha maana hizo mbili, nazo zimo katika sarufi zaidi kuliko katika msamiati. Njia hizo zastahili kuelezwa.

Asili ya neno

Sanamu ni neno la Kiarabu, sanam, ambalo wingi wake ni asnam. Irabu ya mwisho imeongezwa na Waswahili kwa kanuni inayojulikana: neno la Kiarabu likiishia kwa konsonanti ya midomo, aghalabu huongezewa u, kama katika kalamu, salamu, adabu na kitabu. Katika Kiarabu sanam ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Mfano wa mtu au mnyama usiohusiana na ibada huitwa kwa neno jingine, timthal. Neno hilo la pili halikupata makao katika Kiswahili cha watu wote, na kwa hiyo sanamu likabeba mizigo yote miwili: mungu wa uongo, na mfano wowote uliochongwa, uliofinyangwa au uliosubiwa. Ndiyo sababu mtu wa Dar es Salaam husema bila wasiwasi “Sanamu ya Askari”, akikusudia askari wa shaba aliyesimamishwa katikati ya mji mwaka 1927. Hakuna amwabuduye askari yule, na neno halimshtui mtu.

Wataalamu wa lugha za Kisemiti huenda nyuma zaidi. Wao hulihusisha sanam la Kiarabu na neno la Kiaramu salma, na kwa njia hiyo na neno la Kiebrania tselem, lenye maana ya umbo au mfano. Tselem ndilo neno lililotumiwa katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo, pale inaposemwa kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi neno ambalo katika tawi moja la lugha lilikuja kuwa jina la kitu cha kuvunjwa, katika tawi jingine lilikuwa jina la heshima kuu aliyopewa mwanadamu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakutumia sanamu mahali hapo. Walichukua mfano na sura, wakaliweka sanamu katika amri inayokataza vitu vya kuchonga. Walifanya vyema, maana Kiswahili walichokikuta kilikuwa kimekwisha kuitia doa nomino hiyo.

Waislamu wa pwani walilipokea neno pamoja na historia yake, hasa habari ya kuondolewa kwa masanamu ya Al-Kaaba, Makka ilipotekwa mwaka 630. Katika maandishi ya dini ya Kiislamu huonekana sana wingi wa masanamu, wenye kiambishi ma-, ilhali katika usemi wa kawaida wingi ni sanamu tu, kama umoja. Tofauti hii si ya bure. Kiswahili hutumia ngeli ya ma- kukuza na pengine kudharau. Mtu asemaye “sanamu tatu” ahesabu vitu. Asemaye “masanamu” amekwisha kutoa hukumu. Ni nadra kumsikia Mkatoliki akiyaita yaliyomo kanisani mwake masanamu, na akimsikia mwenziwe akiyaita hivyo, hujua mara moja kwamba hasifiwi.

Upande wa Wakatoliki kuna jambo la kustaajabisha. Tangu misheni ya Bagamoyo ilipoanzishwa mwaka 1868, Kiswahili cha Kanisa Katoliki kilichukua maneno mengi ya Kilatini na ya lugha za Ulaya kwa mambo yake ya pekee: sakramenti, misa, altare, rozari, ekaristi. Ingekuwa rahisi kuchukua pia neno la Kilatini la mfano wa mtakatifu, ili kuepa doa la neno la Kiarabu. Hata hivyo halikuchukuliwa. Sanamu lilikuwa limekwisha kukaa vinywani mwa watu, nalo likaachwa litumike ndani ya kanisa na nje yake.

Kinyago cha kusini

Katika nchi ya Masasi na Newala sanamu si neno la pekee. Liko pia kinyago, na hili halikutoka Uarabuni. Wayao wana chinyago, wingi inyago, yaani maumbo yanayofanywa ardhini kwa udongo na unga wakati wa kuwafunza vijana mila. Uhusiano wake na unyago, jina la mafunzo yenyewe, ni dhahiri kwa sikio: shina ni moja, viambishi ni viwili, u- kwa jambo na ki- kwa kitu. Kwa Wamakonde kazi hiyo ilikwenda mbali zaidi katika mti. Walichonga barakoa za kuchezea ngoma za jando, za usoni na nyingine za kuvikwa kichwani kama kofia, na pia vibao vya umbo la tumbo la mwanamke mjamzito, ambavyo mchezaji mwanamume alivifunga kifuani. Mjerumani Karl Weule, aliyepita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, alikusanya vitu vya namna hii kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, akaandika habari zake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1908.

Weule aliandika pia masimulizi ya Wamakonde kuhusu asili yao. Husimuliwa kwamba hapo kale alikuwako mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, hakuoga wala hakunyoa. Siku moja alichonga umbo katika mti, akalisimamisha penye makao yake usiku. Kulipokucha, umbo lile lilikuwa mwanamke hai, naye akawa mkewe. Walizaa bondeni karibu na mto, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Walipofika juu ya uwanda, wa tatu akaishi, naye ndiye aliyekuwa Mmakonde wa kwanza. Watu wenye masimulizi haya hawangeweza kukiona kipande cha mti kilichochongwa kuwa kitu kitupu tu. Kwao mama wa kabila alianza kuwa mti mkononi mwa mchongaji.

Kwa hiyo kinyago nacho kilikuwa neno la mahali patakatifu, na kazi yake kubwa ilikuwa kufunza. Hapa yafaa kukumbuka hoja ya kale ya Kanisa. Mnamo mwaka 600 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Sereno, askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisani kwake kwa kuchelea watu wasiziabudu. Gregori alimsifu kwa kukataza ziabudiwe, akamlaumu kwa kuzivunja, kwa kuwa wasiojua kusoma husoma katika picha yale ambayo wenye elimu huyasoma kitabuni. Hoja hiyo ingefaa pia kwa inyago za Wayao. Kungwi na padre, kila mmoja mahali pake, walitumia umbo la kuonekana kumfunza mtu asiye na kitabu.

Wamisionari wa kwanza hawakuuona ulinganifu huo kwa urahisi. Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu walifika Masasi mwaka 1876, walipoletwa na Askofu Edward Steere, mwanasarufi mkubwa wa Kiswahili, pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini Wakatoliki walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, kisha wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, baada ya vituo vile viwili kuharibiwa katika vita vya Maji Maji. Jambo lililofanywa baadaye na Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, lajulikana sana: badala ya kulipiga marufuku jando, alijaribu kulitia ndani ya Ukristo. Mila ilipewa nafasi. Jina la kinyago, hata hivyo, halikuvuka mlango wa kanisa.

Kiswahili cha pwani nacho kilikuwa kimekwisha kuligeuza. Kwa mtu wa pwani kinyago ni kitu cha kutisha watoto au cha kuchekwa, na kumwambia mtu kwamba ana sura ya kinyago ni kumtukana. Methali yasema: kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Anayeitumia methali hii leo huzungumzia cheo au mtu aliyekuzwa na wengine, lakini msingi wake ni hoja ile ile ya wanaopinga sanamu: ajuaye kitu kimetoka mkononi mwake hawezi kukiogopa kama mungu. Methali hiyo yaambatana na kitenzi kuchonga, na hapa ndipo kinyago na sanamu hutengana kwa maana ya kawaida. Kinyago ni cha mti. Sanamu yaweza kuwa ya mti, jiwe, shaba, plasta au saruji. Mfano wa saruji uliosimama kwenye uwanja wa chuo hauwezi kuitwa kinyago hata na mtu anayeudharau. Atatafuta tusi jingine.

Tatizo huja pale mfano wenyewe unapokuwa wa mpingo. Wachongaji Wamakonde wamechonga misalaba na Mama Maria na Mtoto kwa muda mrefu. Katika upande wa Msumbiji misheni ziliwaagizia kazi hizo tangu zama za Wareno. Huko Mwenge, Dar es Salaam, Bikira wa mpingo hupangwa rafu moja na mashetani na nguzo za ujamaa, na vyote huitwa vinyago. Bikira yule yule akinunuliwa, akabarikiwa na padre na kuwekwa kanisani, huitwa sanamu. Mti haukubadilika, wala uso wake. Kilichobadilika ni mahali na watu, na jina likafuata.

Viungo vya -a

Kama nomino yenyewe haitoshi kutenganisha maana, wasemaji hufanyaje? Jibu la kwanza limo katika kiunganishi -a.

Sanamu yaweza kufuatwa na kitenzi-jina: sanamu ya kuchonga, sanamu ya kusubu. Yaweza pia kufuatwa na jina la mtu: sanamu ya Mtakatifu Yosefu, sanamu ya Bikira Maria. Miundo hii miwili hufanana machoni, lakini kazi zake si moja. Wa kwanza huitambulisha sanamu kwa namna ilivyofanyika, na kuuelekeza uso wa msikilizaji nyuma, kwa fundi na nyundo yake. Wa pili huitambulisha kwa yule inayemwonyesha, na kuuelekeza uso mbele, kwa mtu asiyekuwapo. Si ajabu kwamba lugha ya makatazo hupenda muundo wa kwanza na lugha ya heshima hupenda wa pili. Mwenye kukataza ataka kukumbusha kwamba kitu kimefanywa. Mwenye kuheshimu ataka kukumbusha kwamba kitu ni cha fulani.

Yafaa kuongeza kwamba -a ina maana nyingi, na utatanishi wake huleta mafumbo. “Sanamu ya Mmakonde” yaweza kuwa aliyoichonga, aliyo nayo, au imwonyeshayo yeye mwenyewe. Kadhalika “ibada ya sanamu” na “ibada ya Rozari” zina umbo moja. Katika la kwanza sanamu ndiyo inayoabudiwa. Katika la pili Rozari haiabudiwi na mtu yeyote, bali ni namna ya kusali. Neno ibada ni pana katika Kiswahili: lachukua kuabudu, sala ya pamoja, na hata moyo wa kumpenda mtakatifu. Kitenzi kuabudu ni chembamba kuliko nomino yake, nacho huwekwa kwa Mungu peke yake. Hivyo Mkatoliki aweza kusema “ibada kwa Bikira Maria” bila kusita, na hapo hapo akakana kwa nguvu kwamba anamwabudu Bikira Maria. Anayemsikiliza kutoka nje hudhani amejipinga. Hakujipinga; nomino na kitenzi vya shina moja havikukua kwa kipimo kimoja.

Si mara ya kwanza kwa tafsiri kuleta ugomvi wa namna hii. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenganisha kwa Kigiriki tendo la kuinama kwa heshima, ambalo laweza kutolewa kwa picha takatifu, na ibada ya kweli iliyo ya Mungu tu. Maandishi yake yalipotafsiriwa vibaya kwa Kilatini, tofauti hiyo ilififia, na tendo la kuinama nalo likapewa neno la kuabudu. Wanazuoni wa mfalme Karolo Mkuu waliosoma tafsiri hiyo walishtuka, wakaandika kitabu kikubwa cha kuupinga mtaguso, na mwaka 794 sinodi ya Frankfurt ikautoa kasoro. Watu wenye imani moja waligombana kwa sababu, kwa sehemu kubwa, maneno mawili yalikuwa yamefanywa moja. Kiswahili, chenye kuheshimu na kuabudu, kina tofauti iliyokosekana katika tafsiri ile. Shida yake iko katika nomino ibada.

Kiambo, mahali na mtu

Jibu la pili limo katika maneno ya mahali. Kusali sanamu na kusali mbele ya sanamu ni mambo mawili. Katika la kwanza sanamu ni shamirisho ya kitenzi na ndiyo ipokeayo tendo. Katika la pili ni alama ya mahali, kama vile mtu asalivyo mbele ya altare au chini ya mti. Mafundisho yote ya Wakatoliki juu ya jambo hili yaweza kuandikwa ndani ya tofauti ya maneno hayo mbele ya, na mwenye kuyaondoa katika sentensi hakufupisha usemi tu. Amebadilisha imani aliyokuwa akiieleza.

Ila kuna mahali ambapo usemi wa Wakatoliki wenyewe huivuka mipaka ya kitu. Wanafunzi wakipeana miadi, mmoja aweza kusema “tukutane kwenye sanamu”, na mwingine “tukutane kwa Bikira Maria”. Kwenye huandamana na vitu na mahali. Kwa huandamana na mtu, na maana yake ni makazi yake: kwa mama, kwa mjomba, kwa mwalimu. Asemaye “kwa Bikira Maria” amekifanya kile kipande cha uwanja kuwa nyumbani kwa mtu. Ndivyo ilivyo pia katika upatanisho wa kisarufi. Sanamu ni ya ngeli ya i- na zi-: sanamu imesimama, sanamu imeanguka. Kinyago ni cha ki- na vi-: kinyago kimeanguka. Lakini mfanyakazi wa bustani aliyeona mfano umeng’olewa na upepo aweza kulia: “Mtakatifu Yosefu ameanguka!” Hapo kiambishi a- cha wenye uhai kimechukua nafasi ya i-.

Je, huo ni ushahidi kwamba kitu kimefanywa mtu, kama wanavyoshutumu wapinzani? Sarufi haithibitishi hivyo. Mtu aonyeshaye picha ya marehemu babu yake husema “huyu ni babu”, wala hakuna amdhaniaye kuwa ameamini karatasi ni babu. Hata nyoka wa Musa aweza kuitwa “nyoka wa shaba” au “nyoka ya shaba”, na Kiswahili kikapokea yote mawili, kila moja kwa shabaha yake: la kwanza huangalia umbo, la pili huangalia madini. Habari za nyoka huyo, katika Agano la Kale, zafundisha kwamba kitu kile kile kilitengenezwa kwa amri, kikaponya watu, kisha baada ya miaka mingi kikavunjwa na mfalme Hezekia kwa sababu watu walikuwa wakikifukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Kitenzi cha watu ndicho kilichogeuka.

Katika chuo kikuu hoja ya Papa Gregori haitoshi tena peke yake, kwa sababu wote waliomo wanajua kusoma. Mfano uliosimama uwanjani hauko pale kuwa kitabu cha asiye na kitabu. Kwa wale wanaouheshimu uko pale ili kuwe na mahali ambapo mtu aweza kusema kwa badala ya kwenye. Kwa wale wasiouheshimu ni kitu cha saruji, na sarufi yao, yenye i- na kwenye, ni sahihi vile vile. Sarufi haiamui nani mwenye haki katika dini. Humwezesha mmoja kufahamu kile hasa ambacho mwenzake amesema.

Kazi ya mtunga kamusi

Kutokana na haya, yaonekana kwamba pendekezo la kutafuta neno jipya la mifano ya kanisani halina faida kubwa. Taswira limekwisha kwenda upande wa fasihi na fikra. Picha ni ya karatasi na ukuta. Ikoni yafaa kwa picha takatifu za Wakristo wa Mashariki. Mfano ni pana mno. Kinyago kingekuwa na haki ya kihistoria katika nchi ya Masasi, maana kilikuwa neno la mafunzo matakatifu, lakini pwani ilikwisha kukipa dhihaka, na hakuna kamati iwezayo kuifuta dhihaka iliyomo katika methali.

Linalofaa ni kamusi kulipa neno sanamu maana zake tatu wazi, kila moja pamoja na miundo iandamanayo nayo. Maana ya kwanza ni mfano wa mtu, mnyama au kitu, uliochongwa, uliofinyangwa au uliosubiwa, kama Sanamu ya Askari. Wingi wake ni sanamu. Maana ya pili ni mfano wa mtu wa dini unaowekwa mahali pa sala na kuheshimiwa kwa ajili ya yule aonyeshwaye. Hufuatwa na -a na jina la mtu, na huandamana na vitenzi kama kubariki, kuheshimu, kusali mbele ya. Maana ya tatu ni kitu kinachoabudiwa badala ya Mungu. Huandamana na kuabudu, na wingi wake wa lawama ni masanamu. Chini ya kinyago iongezwe maana ya kusini, yaani umbo la kufundishia katika jando na unyago, kabla ya maana ya kutisha na ya kuchekesha. Kamusi itakayoanza na maana ya kutisha itakuwa imeitanguliza pwani mbele ya Masasi, ilhali neno lenyewe lilitembea kutoka kusini.

Kamusi ya namna hiyo haitamgeuza mtu dini. Lakini kijana wa Lisekese, aliyelelewa kwa Waanglikana au kwa Waislamu na akapata nafasi katika chuo chenye jina la Nyota ya Bahari, akiufungua ukurasa wake ataona kwamba neno analolitumia kumshtaki mwenzake wa bwenini lina mlango mwingine, na kwamba mwenzake aliingilia huo. Ataweza basi kumwuliza ni kitenzi gani anachokusudia kabla ya kumjibu.